Jezi Zilizogoma Kunywa Rangi

Mlio karibu sogeeni, mlio mbali tegeni sikio, nina mgeni wa kuwatambulisha. Nimemzamisha kwenye maji, katoka mkavu. Nimemchemsha kwenye rangi, katoka mweupe kama alivyoingia. Hali, hanywi, wala haoni haya. Ni nani huyo?

Msijisumbue kumtaja bata, wajukuu zangu. Bata hachemshwi akatoka salama. Jibu la mgeni huyu liko uani kwa mwanamke mmoja ambaye majirani humwita Bi Buluu, kwa kuwa kucha zake zilisahau zamani rangi ya kucha.

Ni Alhamisi, saa tatu asubuhi. Bi Buluu amesimama mbele ya sufuria kubwa lililokaa juu ya jiko la gesi. Amevaa glavu za mpira zinazofika kwenye viwiko, na mti wa kukorogea ameushika kwa mikono miwili. Maji yanatokota, buluu tupu. Anasukuma, anavuta, anasimama kupumua. Kisha anautazama mti wa pili, ulioegemezwa ukutani. Mti huo haujaguswa na mtu tangu Jumanne.

"Kazi hii ni ya mikono minne," anasema. "Mmoja anasukuma, mwenzake anavuta. Ukikoroga peke yako, kitambaa kinajikunja kama mtoto aliyenuna, na kila mkunjo unatoka na rangi yake."

Mwenye mti wa pili ni wifi yake, dada wa mumewe. Wameifanya kazi hii pamoja tangu watoto wao wakiwa wa kubebwa. Jumanne wifi alivua glavu, akaziweka juu ya kigoda, akaondoka. Hajarudi. Na Bi Buluu, ukimuuliza amefukuzwa au ameondoka, anatikisa kichwa.

"Sijui. Ningejua ningelala."

Kilichomo ndani ya sufuria ni jezi moja. Anaiinua kwa ncha ya mti, inachuruzika. Kwapani imekolea, mgongoni imepauka, kifuani ina mawingu kama anga la masika.

"Unaona? Mara ya pili hii naichemsha. Nimeongeza rangi, nimeongeza muda. Nimeibembeleza. Imekataa!"

Basi mgeni wetu ndiye huyo: poliesta, kitambaa cha kiwandani, kile cha jezi na mapazia na bitana za makoti.

Bi Buluu alianza na pamba kama watia rangi wote. Pamba haina makuu. Unaiosha, unaizamisha, inakunywa chochote unachoipa. Lakini siku hizi, anasema, ukiletewa nguo kumi za kutia rangi, za pamba ni mbili au tatu. Zilizobaki ni poliesta, nailoni na jamaa zao. Watia rangi wengi huzirudisha. Yeye na wifi yake waliamua kuzikubali, kwa sababu malipo yake ni karibu mara mbili ya pamba, ingawa gesi nayo hula sehemu yake bila kukaribishwa.

"Poliesta amezaliwa amefumba mdomo," anaeleza. "Huwezi kumnywesha mtu aliyefumba mdomo. Kwanza umfungue."

Kumfungua ndiyo kazi yenyewe. Nguo huoshwa kwa maji ya moto na sabuni hadi mafuta ya kiwandani yatoke. Kisha hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yaliyotiwa kostiki, ile dawa kali ya watengeneza sabuni, kwa kipimo cha uangalifu. Kostiki hula ngozi ya juu ya kitambaa kidogo tu, kama panya mwenye adabu. Baada ya hapo nguo husuuzwa, hutiwa siki ili kostiki ife, husuuzwa tena, na huanikwa.

Ikikauka, ukiipapasa inakwaruza. Mkwaruzo huo ndio mlango wa rangi. Nao wana namna ya kuujaribu: wanadondosha tone la maji juu ya kitambaa. Tone likikaa kama shanga, mdomo bado umefumba. Tone likizama, mdomo umefunguka, na kilichobaki ni rangi na moto.

"Jumatatu matone yote yalizama," anasema Bi Buluu, na hapo uso wake unabadilika. "Yote! Nililitazama kila moja. Sasa niambie, kilichotokea ni nini?"

Jezi hizo ni za timu ya wasichana. Walipewa msaada wa jezi nyeupe, nzuri, mpya. Wakafurahi, wakapiga picha. Halafu wakakumbuka kwamba watakaocheza nao Jumamosi huvaa nyeupe tangu timu yao ianzishwe. Kocha, mwanamke mwembamba mwenye filimbi shingoni hata akiwa sokoni, akazibeba jezi kwenye mfuko hadi kwa Bi Buluu.

"Zifanye buluu," alisema. "Buluu ya kuogopesha."

Jumatatu asubuhi wakazifungua kwa kostiki. Mchana wifi akazianika. Alasiri zilipokauka na matone kuzama, wote wawili wakaenda kununua gesi na rangi, wakarudi usiku. Jumanne asubuhi wakaziingiza sufuriani, sufuria moja, rangi moja, moto mmoja. Kocha alikuwa amekuja kushuhudia.

Zilipotoka, nusu zilikuwa buluu iliyokolea kama wino. Nusu zilikuwa kijivu chenye madoadoa, kama ukuta uliovujiwa.

Kocha alizitazama kwa muda mrefu. "Hii si timu," alisema. "Hii ni pundamilia. Refa atauliza nimeleta timu ngapi."

Bi Buluu hakuelewa. Hata leo haelewi. Ingekuwa rangi mbaya, zote zingeharibika. Ingekuwa moto mdogo, zote zingepauka. Mtu akikosea kupika wali, punje moja haiivi na jirani yake ikabaki mbichi.

Majirani wamemsaidia kuchanganyikiwa zaidi. Fundi cherehani wa mtaa wa pili alikuja, akazigeuza jezi, akasema zimetoka viwanda viwili. Bi Buluu akasoma lebo: kiwanda kimoja. Muuza rangi akasema ni maji ya tangi. Lakini maji yalikuwa ya sufuria moja! Mumewe aliporudi kazini aliinama, akalizunguka sufuria, akatangaza kwamba limepinda.

"Nikamwambia, baba watoto, limepinda tangu tuoane," anasema Bi Buluu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Kicheko hakidumu. Jumanne, mbele ya kocha, kabla hajaanza kuwasikiliza hao wote, Bi Buluu alikuwa ameshamtazama wifi yake. Wifi ndiye aliyesuuza. Wifi ndiye aliyetia siki. Wifi ndiye aliyeanika. Mkono wa mwisho ulikuwa wake.

"Nilimuuliza, wifi, umezifanya nini hizi? Akazitazama zile zilizopauka. Akazishika moja moja. Halafu akainamisha kichwa, akasema, labda ni mimi. Labda! Nikamwambia..." Anasita. "Nikamwambia, kama mkono umechoka, useme, tutafute mwingine."

Maneno hayo yalitoka mbele ya mgeni. Ndipo glavu zikavuliwa.

"Kinachonitesa si jezi," anasema, akizima gesi. "Mtu asiye na kosa hujitetea. Hakujitetea. Mwenye kosa huomba radhi. Hakuomba. Sasa huyo ni mtu gani? Wifi yangu akikanyagwa kidole tu mtaa mzima unajua. Siku hiyo kanyamaza kama maji mtungini."

Mlangoni pa jikoni, kwenye kiti chenye mto, ameketi mama mkwe wake, mzazi wa mume na wa wifi pia. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mgongo umepinda, macho yamefifia, ulimi haujafifia hata kidogo. Alihamia hapa aliposhindwa kuishi peke yake. Enzi zake alikuwa dobi. Alifua na kunyoosha mashuka ya hoteli, na hadi leo akipita kwenye kamba hawezi kujizuia kuvuta ncha ya nguo iliyoanikwa vibaya.

"Mwanangu," anaita, "nipe hata soksi nifue."

"Pumzika, mama."

"Nimepumzika tangu mwaka juzi. Nimechoka kupumzika."

Bi Buluu anaeleza kwa sauti ya chini kwamba kuna siku mama alitaka kutia mkono kwenye beseni la kostiki akidhani ni maji ya sabuni. Walimuwahi. Tangu siku hiyo kuna amri: wakiwa kazini, mama haruhusiwi kupita mlango ule kuja uani. "Nilimwambia hata wifi, nikiona amesogea tena, nitaweka komeo," anasema. "Afadhali anune kuliko aungue."

Imebaki jezi moja ambayo haijaonja rangi. Ni ya golikipa. Hiyo ilifunguliwa pamoja na wenzake Jumatatu, lakini kocha anaitaka ya njano, kwa hiyo haikuingia sufuriani. Bi Buluu anaitoa kwenye mfuko. Kama hawezi kuwaokoa wachezaji, anasema, angalau amuokoe golikipa. Anaitandaza juu ya meza, anachovya kidole kwenye kikombe cha maji, anadondosha tone.

Tone linakaa.

Anainama. Linamwangalia, duara, linang'aa kama jicho la samaki. Anadondosha jingine kwenye mkono wa jezi. Linakaa. Jingine kwenye ukosi. Linabingirika hadi mezani.

"Lakini Jumatatu yalizama," anasema polepole. "Niliyaona. Kwani mimi naota?" Anavua glavu, anaipapasa jezi kwa kiganja kitupu. Haikwaruzi. Ni laini kama shavu la mtoto. Anarudia, juu chini, kama mtu anayetafuta shilingi gizani. "Nani kaufunga tena huu mdomo?"

"Hiyo ya mlinda goli?" anauliza bibi kutoka kwenye kiti chake. "Hiyo nayo niliilainisha."

Bi Buluu anageuka, jezi mkononi.

"Umeilainisha na nini, mama?"

"Na dawa yako ya mashuka. Ile ya chupa, inayonukia maua." Bibi ananyoosha shingo, amefurahi kuulizwa jambo analolijua. "Mlipokwenda kununua gesi niliamka, nikapita kwenye kamba, nikazishika. Loo! Zilikuwa zinakwaruza kama ulimi wa paka. Nikasema hawa watoto wamesahau kulainisha. Wasichana wa watu wakimbie na magunia mwilini? Nikazichovya, nikazirudisha. Sikutaka kuwasema."

"Zote?"

"Zote nitazifikia wapi, mwanangu? Za kamba ya chini. Za juu niliwaachia wenye migongo."

Bi Buluu anaiweka jezi mezani. Anaitazama kamba ya chini, iliyofungwa usawa wa kifua cha mtu mzima. Anaitazama ya juu. Dawa ya kulainisha huacha utando juu ya kitambaa. Utando huo ndio ulaini, na utando huo ndio uliofunga kila mlango ambao kostiki ilikuwa imeufungua. Sasa hesabu imekubali: nusu juu, nusu chini. Nusu wino, nusu kijivu.

"Kwani nimeharibu?" anauliza bibi, na sauti yake imepungua.

Hapo ndipo mtu angetegemea kelele. Bi Buluu anachuchumaa mbele ya kile kiti, anamrekebishia mama mkwe wake mto.

"Hujaharibu, mama. Umewahi tu. Hiyo kazi yako ni ya mwisho, wewe umeifanya katikati."

Kisha anasimama, na kuchanganyikiwa kule kule kumerudi usoni, safari hii kwa jambo jingine. Maana aliyeanika ni wifi. Ni wifi peke yake aliyejua zipi zilikuwa kamba ya chini. Jumanne alizishika zile zilizopauka moja moja, akaona zote ni za kamba ile ambayo mama huifikia.

"Alijua," anasema Bi Buluu. "Palepale alijua. Sasa kwa nini aseme labda ni mimi?"

Nyumba ya wifi iko nyuma ya karakana ya baiskeli, mwendo wa kuimaliza pipi moja. Mlango uko wazi. Wifi ameketi kwenye mkeka, anashona kifungo cha shati la shule, na hainui kichwa.

"Wifi gani huyu anaingia nyumba za watu bila hodi?"

"Hodi nimepiga. Masikio yako ndiyo yamenuna."

"Yalisikia ya kutosha Jumanne."

"Ndiyo hayo niliyoyafuata. Nimekuja kuyaokota." Bi Buluu anakaa chini bila kukaribishwa. "Nilikosa, wifi. Mkono wako haujachoka. Ulimi wangu ndio uliochoka akili."

Wifi anakata uzi kwa meno. "Na kocha alikuwepo."

"Kocha nitamwambia mwenyewe. Nikitaka na filimbi nitaipuliza."

Mdomo wa wifi unataka kucheka, unazuiwa. Bi Buluu anamsogelea.

"Mama kasema mwenyewe. Kasema kwa raha zake, kama anayenipa zawadi. Na wewe ulijua. Kwa nini hukuniambia?"

Wifi anaitazama sindano. Anaichomeka kwenye ukosi wa blauzi yake. Anasimama, anafunga kitambaa kichwani, anavaa kandambili.

"Zimebaki jezi ngapi?" anauliza.

"Nimekuuliza swali, wifi."

"Na mimi nimekuuliza langu. Jumamosi ni keshokutwa."

Mchana huo sufuria linatokota tena, na miti ni miwili. Kwanza jezi zilizopauka, na ile ya golikipa, zinaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, zinarudiwa hadi harufu ya maua iondoke. Zinapitishwa kwenye kostiki tena, muda mfupi tu, maana ngozi yake imeshaliwa mara moja. Siki. Maji. Halafu tone.

Wote wawili wanainama juu ya kitambaa. Tone linakaa, linajifikiria, linatanuka pembeni, linazama.

"Karibu ndani," wifi analiambia.

Zinapochemshwa hawazungumzi sana. Mmoja anasukuma, mwenzake anavuta. Mara Bi Buluu anauliza, "Ungeniambia, ningekufanya nini?" Wifi anajibu kwamba moto umezidi, aupunguze. Baadaye anauliza tena kwa njia nyingine, na wifi anaona ghafla kwamba glavu yake moja imetoboka. Bi Buluu, ambaye leo amepata majibu ya rangi yote, anabaki anamtazama mwenzake kama aliyesomewa barua ya lugha ngeni.

Jezi zinatoka buluu, na ile ya golikipa inangoja zamu yake ya njano. Hazifanani na za kwanza kama mapacha, lakini kwa mbali, mtu akiwa anakimbia, hakuna refa wa kuziona tofauti. Kocha, aliyeitwa ili asikie radhi ambayo wifi anastahili, anaisikia yote bila kumkatiza mtu. Kisha anaiinua jezi moja juani.

"Hii sasa inaogopesha," anasema.

Bi Buluu ana mipango, na anaieleza huku akikamua. Timu nyingine mbili zimeshauliza. Akipata kazi hizo atanunua sufuria la pili, ili njano isisubiri buluu. Tone litadondoshwa mara mbili, baada ya kostiki na tena kabla ya moto, hata kama nguo imelala kwenye kamba mbele ya macho yao. Na kuanzia leo kuna mfanyakazi wa tatu.

Anakwenda mlangoni, anamshika mama mkwe mkono, anampitisha kwenye mlango ule. Beseni la kostiki limeshamwagwa na kusafishwa. Kiti kimewekwa kivulini, na mbele yake kuna beseni la maji safi na ile chupa inayonukia maua. Jezi zilizokwisha kunywa rangi ndizo zinazohitaji kulainishwa, maana kweli zinakwaruza, na wasichana wa watu watakimbia nazo.

"Kifuniko kimoja au viwili?" anauliza Bi Buluu.

"Usinifundishe kazi," anasema bibi, na mikono yake inaingia majini hadi kwenye viwiko. Anaichovya jezi ya kwanza, anaigeuza, anaipapasa kwa kiganja, macho yake yakitazama pengine kabisa. Anaanza kuwasimulia, bila kuulizwa, jinsi mashuka ya hoteli yalivyokunjwa enzi zao.

Wifi anapokea jezi kutoka kwa mama yake na kuitundika kamba ya juu. Bi Buluu anampa vibanio. Safari hii hamuulizi kitu. Anampa kimoja, anangoja, anampa kingine.

Jezi ya tatu ikiwa mkononi, wifi anasimama. Anamtazama mama yake kule kivulini, kisha anasema kwa sauti ya chini, isifike kwenye beseni:

"Ulisema utaweka komeo. Mimi ukinifukuza, wifi, nina kwangu pa kwenda. Mama ukimfungia asifike hapa uani, kinachombakia ni kitanda tu."